Mbuzi wa Nne wa Mzee Abasi

Najat alikuwa ameshapima mbuzi watatu, na wote walikuwa na adabu. Wa nne ndiye aliyemtoa jasho.

Kazi yake katika maabara ya utafiti wa nyama haikuwa ngumu kuieleza. Alichukua kipande cha paja la mbuzi aliyechinjwa muda huo huo, akakigandisha, akakisaga, kisha akapima akiba ya sukari iliyolala ndani ya msuli. Kimeng'enya cha kwanza kiliivunja akiba hiyo ikawa glukosi. Mchanganyiko wa pili, wenye vimeng'enya vingine, uliikuta hiyo glukosi na kuyageuza maji yakawa ya waridi. Kadiri rangi ilivyokolea, ndivyo ilivyoonyesha kwamba mnyama alichinjwa akiwa ametulia.

Mbuzi watatu wa kwanza walitoa rangi ya juisi ya tikiti. Wa nne alitoa maji. Maji meupe pe!

"Umesahau kimeng'enya," alisema Dokta Nikhil, mkuu wake, akiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Sijasahau, dokta."

"Basi kimeharibika."

Najat akamsogezea kichupa kingine, alichokitia glukosi safi ili kuhakiki dawa zake. Kilikuwa cha waridi mpaka kinakera. Akarudia kipimo mara ya pili, na ya tatu. Maji tu. Jioni alirudi kwao Lemara akiwa hana raha, akiitazama mikono yake kana kwamba imemwibia kitu.

Kesho yake Dokta Nikhil alikubali yaishe. "Mbuzi huyo alitumia akiba yake yote kabla ya kufa. Nenda kamuulize mchinjaji alimfanya nini."

Mchinjaji alikuwa Mzee Abasi wa Maji ya Chai. Makubaliano yalikuwa kwamba mbuzi wa utafiti wapumzike zizini usiku kucha, wanywe maji, wasisumbuliwe na mtu. Najat alimkuta buchani akikata mbavu, huku akichechemea mguu wa kulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbuzi wangu wanasemaje huko?"

"Watatu wako vizuri. Yule mweusi mwenye baka, naona alichoka sana."

"Yule? Alitulia kama mgeni rasmi!"

"Msuli wake unasema alikimbia."

Mzee Abasi akacheka, kicheko kikubwa kuliko kilichohitajika. "Msuli unasema! Mdomo kauacha wapi?"

"Mwambie mtoto wa watu ukweli!" Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara, kwa Naserian, muuza mboga. "Kabichi zangu nane zilikanyagwa na nani?"

Mzee Abasi akaweka kisu chini, akajifuta uso kwa aproni. Kumbe asubuhi ile ya kuchinja, kamba ilimponyoka. Mbuzi akapita juu ya kabichi, akaruka mtaro, akaingia mgombani, akatokea kituo cha bodaboda, akarudi mgombani. Mzee alimfukuza mwenyewe mpaka akateguka goti.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje, mwanangu? Soko zima lilikuwa linashangilia, na halikuwa linanishangilia mimi."

Najat alikuja amejiandaa kugomba. Badala yake alicheka mpaka akaegemea meza ya nyama. Mikono yake haikuwa na kosa. Kichupa kilikuwa kimesema kweli tangu mwanzo. Akatoa daftari.

"Nisaidie jambo moja. Alikimbia umbali gani?"

Mzee akavuta pumzi, uso ukamnyooka. "Andika kilomita tano."

"Tano!" Naserian akashika kiuno. "Mimi nilikuwa nawaona. Hata moja haifiki."

"Wewe ulikuwa unahesabu kabichi!"

Najat akawaomba wamwonyeshe njia yenyewe. Wakatoka wote watatu, Mzee Abasi akiongoza kwa kuchechemea, Naserian nyuma yake akikataa kila kona anayoiongeza. Najat alihesabu hatua. Walipofika mgombani kwa mara ya pili, hesabu yake ilikuwa mita mia nane na ushee.

"Mita mia nane, mzee."

"Hizo ni za mbuzi," alisema Mzee Abasi. "Mimi nilizunguka zaidi."