Jina Ambalo Halikwenda Hewani

Lowell Dietrick alipata mjukuu akiwa hewani, kati ya tangazo la matairi na taarifa ya hali ya hewa, na wilaya nzima ikamsikia akishukuru.

Asubuhi hiyo alikuwa amepamba moto. Meya wa jiji la ng'ambo ya mto alikuwa ametangaza kwamba uhalifu umeshuka, na Lowell hakuwa tayari kuliacha hilo lipite hivi hivi.

"Umeshuka kwa nani?" alikiuliza kipaza sauti. "Nendeni mkanunue sabuni kule. Sabuni, jamani! Imefungiwa kwenye kabati la kioo. Unabonyeza kengele, unamsubiri mwenye funguo, utadhani umekuja kununua dhahabu. Watu wamechoka kuwapigia polisi simu kwa sababu hakuna anayekuja, halafu anayehesabu simu anatuambia mambo shwari. Na Jumamosi wanaandamana tena. Genge lile lile, na Wademokrati wao wanawapigia makofi."

Simu iliyofuata ilitoka kwa Verna Stroup, mjane muumini wa kanisa la Kilutheri, ambaye kupiga simu kipindini kulikuwa kwake sehemu ya kifungua kinywa.

"Lowell, umesema kweli tupu," alisema. "Mimi daraja lile sivuki tena hata unilipe. Ila leo sikupiga kwa ajili ya siasa. Nimepiga kukupa hongera, babu wee!"

"Hongera ya nini, Verna?"

"Acha kujifanya hamnazo! Mtoto wa binti yako, Krista. Mpwa wangu anafanya kazi hospitali moja naye, kaniambia jana. Wiki ya tatu hii, na wewe kimya, kama hayakuhusu! Marjean huko aliko anafurahi."

Redioni kuna dhambi moja isiyo na msamaha, nayo ni ukimya. Mtangazaji anaweza kukosea tarehe, akaharibu jina la seneta, akatia chumvi mpaka chakula kisilike, na kesho watu wakamsikiliza tena. Lakini mawimbi yakipita matupu, msikilizaji hugeuza kitufe na kwenda zake. Lowell alikuwa ameizoea kanuni hiyo maisha yake yote ya kazi, hivyo kinywa chake kilijibu kabla moyo haujapata habari.

"Asante, Verna. Asante sana. Tunamshukuru Mungu."

Akasoma hali ya hewa. Mawingu, upepo kutoka magharibi, uwezekano wa mvua jioni. Nyuma ya kioo, Duane, fundi mitambo wake, aliacha kunywa kahawa akamtazama. Duane alimfahamu vya kutosha kujua kwamba mzee hakuwa na habari, na alikuwa muungwana vya kutosha kutouliza.

*

Nyumbani hakukuwa na wa kumuuliza pia. Tangu mkewe Marjean afariki, nyumba ile ilikuwa na sauti ya jokofu na ya saa ya ukutani, basi. Watu maelfu walimsikia Lowell kila asubuhi, na kufikia saa sita mchana alikuwa amekwisha kusema maneno yake yote ya siku, maana hapakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba supu imekosa chumvi. Alikula ya kopo, amesimama, karibu na sinki. Kwa sura hakuna aliyemjua. Dukani alipita kama mzee yeyote mwenye kofia, mpaka afungue kinywa. Hapo vichwa viligeuka. Sauti ndiyo ilikuwa sura yake.

Alijua kwa nini Krista hakumwambia. Alijifanya hajui kwa muda wa kuosha bakuli moja, kisha akashindwa. Miaka miwili nyuma, binti yake alimpigia simu akilia. Alikuwa ametoka zamu ya jioni, na kwenye maegesho ya hospitali kijana mmoja akamwekea kisu shingoni, akachukua pochi na pete. Lowell alimtuliza mpaka kukapambazuka. Kisha akaenda kazini, roho ikimchemka, na akasimulia yote hewani: kisu, pete, nesi mwenye nywele nyekundu. Simu zililia mpaka mwisho wa kipindi. Duane alisema hakujawahi kuwa na kipindi kama kile. Tangu siku hiyo Krista alipopiga simu, na alipiga mara chache, alizungumzia hali ya hewa tu.

Jumamosi asubuhi Lowell alitoa kabatini bakuli la kioo la Marjean, lile refu la kuokea, ambalo chini yake bado kulikuwa na utepe wenye jina la mkewe, ili lisipotee kanisani kwenye vyakula vya pamoja. Mtoto akizaliwa, watu wa kwao hawaendi mikono mitupu. Hakuwahi kupika chakula cha bakuli lile, lakini alikuwa amekiona kikipikwa nusu ya maisha yake: tambi, samaki wa kopo, supu nzito ya uyoga, jibini, na chipsi za kusagwa juu. Kiliungua pembeni. Akakifunika kwa karatasi ya bati, akakizungushia taulo, akakiweka kwenye kiti cha mbele na kukifunga mkanda, akaelekea ng'ambo kwa Krista.

*

Daraja lilikuwa limefungwa, magari hayapiti. Polisi alimwonyesha kwa mkono ageuze, naye akaegesha upande wa huku, akashuka na bakuli lake, akavuka mto kwa miguu, roho mkononi.

Upande wa pili aliwakuta wale aliowaita genge. Walikuwa wengi kuliko alivyotarajia na walitembea polepole kuliko alivyotarajia, kwa sababu mbele kulikuwa na viti vya magurudumu na watoto. Walibeba picha ya kijana aliyepigwa risasi na polisi mwezi uliopita. Wengine walipiga kelele kwa hasira kweli, na mvulana mmoja aliyefunika uso alipiga teke pipa la takataka likabingirika barabarani. Lowell aliliona pipa lile na moyo wake ukasema, haya, si nilisema? Kisha mwanamke mmoja akaliokota, akalisimamisha mahali pake, akamfokea mvulana yule kwa jina lake kamili. Hilo nalo aliliona.

Nyumba ya Krista ilikuwa mbele, mitaa kadhaa, na njia zote za mkato zilikuwa na vizuizi. Hakuwa na budi kutembea nao. Alifunga kinywa. Walimsalimu, akainamisha kichwa. Walimpa chupa ya maji, akaweka mkono kifuani. Ajabu yake ni kwamba hakuna aliyemwona wa ajabu. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alipotembea katikati ya watu wengi namna ile.

"Mzee kaleta chakula!" Mama mmoja mwenye koti la zambarau na kiti cha kukunja kwapani alikuwa amemsogelea. "Mungu akubariki, baba. Na kina moto! Tyrell, njoo na sahani, mzee katuletea chakula!"

Lowell alitikisa kichwa kukataa. Yule mama akadhani anaona haya. Akashika taulo.

"Usijali, baba, mimi nitakigawa vizuri. Ernestine Gaddis hajawahi kumnyima mtu." Kidole chake kilikwisha kuinua karatasi ya bati. "Kimeungua kidogo. Si kitu, kuungua ndio utamu."

"Hapana," alisema Lowell. "Samahani, mama. Ni cha binti yangu. Amejifungua."

Mkono wa Ernestine ulisimama pale pale. Alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akafumba macho kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni.

"Sema tena."

Lowell aliishusha kofia usoni.

"Huna haja. Ni wewe," Ernestine alisema, kwa sauti ya chini. "Mimi nakusikiliza kila siku. Marehemu mume wangu alikuwa akikupenda, na mimi sijaibadilisha stesheni tangu aende. Nakaa na kahawa yangu nikikutukana mpaka saa nne. Nyumba inakuwa na watu." Akageukia picha ya kijana iliyokuwa ikiyumba mbele yao. "Huyu nilimpeleka shule kwa basi langu tangu akiwa na mapengo. Hilo genge lako ndilo hili."

Lowell alitaka kumwambia kwamba polisi naye ana mke, na kwamba hakuna kesi iliyokwisha kusikilizwa. Alikuwa na maneno hayo tayari, yaliyonyooka vizuri, ya kipindi cha Jumatatu.

"Binti yako anakaa wapi?" Ernestine aliuliza, akamfunikia bakuli lake upya na kulibana taulo. Alipoambiwa, alimwelekeza kwa kidevu. "Kaa upande wangu wa kushoto. Na nyamaza hivyo hivyo. Ukinyamaza unapendeza."

*

Mlangoni kwa Krista kulikuwa na kidude cha kuzungumzia. Alibonyeza.

"Nani?"

"Ni mimi."

Kelele za maandamano zilikuwa zikipungua mtaa wa pili.

"Nani kakwambia?"

"Verna Stroup."

"Kakupigia?"

"Kapiga kipindini."

"Hewani?" Krista alicheka, na kicheko hakikuwa na furaha hata chembe. "Ukamjibu nini?"

"Nikasema asante."

Alishuka mwenyewe, kwa soksi, nywele nyekundu zimefungwa ovyo, na akausimamia mlango bila kuufungua wote. Alilitazama bakuli. Alilitambua.

"Nilikupigia wewe usiku ule," alisema. "Sikupiga redioni. Nilimpigia baba yangu."

"Jina sikulitaja, Krista."

"Uliitaja hospitali. Ukataja zamu. Ukataja nywele zangu, baba! Kazini walikuwa wakininong'ona nikipita. Na polisi walipomkamata yule mtoto, kwa sababu alikuwa mtoto, nilisikia kipindini kwako kwanza." Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa hasira. "Kioo cha gari langu kimevunjwa mara mbili tangu hapo. Unaona? Sasa nimekupa kitu kingine cha kusema."

Lowell aliona aibu, aibu ya kweli. Mtu ambaye hakukosa neno mbele ya magavana alisimama na bakuli linalopoa na hakuwa na la kusema. Labda hicho ndicho kilichomsaidia, kwa maana Krista alingoja maneno, na yalipokosekana, aliuachia mlango.

"Nusu saa," alisema. "Na kinachoonekana juu kinabaki juu."

Juu kulikuwa na joto na harufu ya maziwa. Mtoto alikuwa amelala ubavuni, ngumi mdomoni. Lowell alimpokea, akamshika kama alivyolishika bakuli, kwa mikono miwili na hofu. Aliambiwa jina lake, na kwa nini ameitwa hivyo, na babu akageukia dirisha kwa muda. Jina lenyewe sisi hatutalitaja.

Ni wakati wa kuondoka ndipo alipoiona redio ndogo juu ya jokofu. Sindano yake ilikuwa kwenye stesheni ya Lowell.

"Unanisikiliza?"

"Kila asubuhi," Krista alisema, akimchukua mtoto taratibu. "Nione kama umenitaja."

*

Jumatatu Lowell alizungumzia kodi, kisha bei ya mafuta. Verna Stroup alikuwa wa kwanza kwenye simu.

"Haya, babu! Watu wamenisumbua kanisani jana, wanataka kumwombea mtoto. Wa kike au wa kiume? Anaitwa nani? Na maandamano ya Jumamosi, tuambie, Krista yuko salama kule? Si ndiko kule kule wanakopita?"

Lowell alisogeza kinywa kwenye kipaza sauti. Kulikuwa na pipa lililopigwa teke, na gari lenye kioo kilichovunjwa mara mbili, na mtoto aliyezaliwa katikati ya yote hayo. Hapakuwa na mtangazaji nchi nzima ambaye angekataa kipindi kama hicho. Yeye mwenyewe alikiona chote, mwanzo hadi mwisho, na mahali pa kupandisha sauti.

Hakusema kitu.

"Lowell?" Verna alisema. "Upo?"

Nyuma ya kioo Duane alipunga mkono. Kisha akapunga yote miwili. Kisha akasimama, akagonga kioo, macho yamemtoka pima, kidole kikielekea kwenye swichi ya matangazo ya biashara. Lowell aliinua kiganja kumzuia. Taa nyekundu iliendelea kuwaka. Mashambani, kwenye magari na majikoni, watu walianza kugusa vitufe vyao wakidhani redio zimeharibika, na mwanamke mmoja jijini, bila shaka, alikuwa ameacha kikombe chake akimtukana aseme.

Yeye alikuwa akiwaza redio moja tu, ndogo, iliyo juu ya jokofu, na mtu aliyesimama chini yake amembeba mtoto, akisubiri. Aliiacha ikae kimya.