Gita la Shemeji

Shemeji aliingia karakanani mkono wa kulia ukiwa mfukoni, na Fundi akajua papo hapo kwamba kuna jambo. Wapiga gita hawafichi mikono. Hata wakija kulalamika tu kwamba gita linakwaruza, hueleza huku vidole vikicheza hewani.

"Shemeji yangu wa pekee," alisema, akaegemea meza ya kazi na kujipaka vumbi la mbao suruali nzima. "Nimekuletea kazi. Ila iwe siri yetu."

"Siri na mke wa kaka yako? Sema hapahapa mbele ya watu."

Watu wenyewe walikuwa magita kumi na moja yaliyoning'inia ukutani.

"Nitengenezee gita la nyuzi saba."

Fundi aliweka msasa chini.

Mumewe Fundi na huyu shemeji ni tumbo moja. Kwenye bendi mume walimwita Nguzo, kwa sababu miaka kumi na tisa alikuwa amesimama mahali pamoja, kushoto kwa mpiga ngoma, akipiga besi bila kutikisa chochote isipokuwa kichwa. Mdogo wake walimwita Mbwembwe, na hilo halihitaji maelezo. Ni Nguzo aliyemfundisha Mbwembwe kushika gita, na ni Nguzo aliyemsemea kwa Kiongozi wa bendi mpaka akachukuliwa, wakati huo hajui hata kukaza nyuzi.

Mbwembwe hakuwa wa kwanza kuulizia nyuzi saba. Kijana mmoja alishawahi kuja akitaka gita zito la kutikisa vioo vya majirani. Mwalimu mmoja wa shule alikuja kwa sababu alisikia redioni watu wawili wakipiga, akaambiwa ni mtu mmoja, na tangu siku hiyo hakupata raha. Na alikuja mzee mmoja aliyekuwa na kikundi cha wanne. Watatu walikuwa wamekufa. "Uzi mmoja tu wa chini, binti yangu," alisema. "Nikipiga peke yangu pana shimo." Wote watatu Fundi aliwakatalia. Alisema hana mbao ya kufaa. Yule mzee alirudi mara mbili, kisha hakuonekana tena.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Karakana ile ilikuwa ya marehemu baba yake, na baba siku moja alimwambia mteja, Fundi akiwa amesimama palepale na chupa ya gundi: "Huyu ana mkono wa kurekebisha. Wa kuunda hana." Baba alishazikwa zamani, lakini sentensi ile ilibaki mezani pamoja na patasi zake.

"Na wewe unautakia nini uzi wa saba?" Fundi aliuliza.

"Nimechoka kukatwa kauli, shemeji. Nikishuka na wimbo, nyuzi zinaniishia kabla sijamaliza ninachosema. Ni kama mtu amekuziba mdomo katikati ya neno."

"Kaka yako si yuko huko chini? Si ndiyo kazi yake kukumalizia?"

"Aa, hili ni la nyumbani. La kujifurahisha tu. Siku moja nimshtue kidogo."

"Haya, lete mikono."

Fundi hakuwahi kuunda shingo wala kidaraja cha kushikilia nyuzi bila kupima mikono ya mwenye gita: wa kushoto kwa upana wa shingo, wa kulia kwa nafasi kati ya uzi na uzi. Mbwembwe alitoa wa kushoto haraka. Wa kulia aliutoa polepole.

Ukucha wa dole gumba ulikuwa mrefu, umesuguliwa ukawa duara safi.

Mbwembwe maisha yake yote alipiga kwa kile kiplastiki cha kuchokolea nyuzi. Mtu wa namna hiyo hukata ukucha wa gumba mpaka kwenye nyama. Ukucha mrefu wa gumba una kazi moja tu: kupiga uzi mzito peke yake, huku vidole vingine vikiendelea na shughuli zao juu. Anayeufuga hajifurahishi. Anajifunza kuwa watu wawili.

"Umeufuga tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Kwa kujifurahisha?"

"Shemeji, unatengeneza au hutengenezi? Nikienda kwa fundi mwingine usije ukanuna."

Na Fundi alijua jambo la pili. Hoteli moja kubwa ilikuwa imeitaka bendi ije kupiga kwenye ukumbi wake wa chakula kila Jumamosi, mwaka mzima. Jukwaa la pale lilikuwa dogo. Kiongozi alikwenda kulipima kwa hatua zake, akarudi na kusema pale wanaenea wanne, hakuna ujanja. Bendi ilikuwa na watano. Nguzo alilisimulia hilo mezani kwa furaha, mdomo umejaa. "Wa kinanda ndiye ataondoka," alisema. "Yule hata tukipiga amelala. Siku moja tulimaliza wimbo yeye akaendelea kukoroma kwenye tuni ileile."

Kwa hiyo alijua. Mtu asije akamtetea kwamba hakujua.

Mbwembwe alipoondoka, Fundi alipiga magoti kando ya meza. Alimwomba Mungu amwonyeshe njia, kwa maneno mengi na mazuri, tena kwa machozi. Lakini jicho lake moja lilikuwa wazi, linachagua mbao.

Kazi ilichukua wiki tisa, na zilikuwa wiki tamu kuliko zote alizowahi kuishi. Alikata shingo pana, akairanda mpaka ikakaa mkononi kama mkono wa mtu. Alijua uzi wa ziada ungevuta uso wa gita, akaongeza ubavu mwembamba ndani, mahali pasipoonekana na mtu. Vigingi vya kukazia nyuzi, vitatu upande huu, vinne upande ule. Usiku alilala, asubuhi aliamka kabla ya mumewe, akaenda kuligusa tu.

Nguzo aliingia na kutoka. Alimshikilia shingo gundi ilipokuwa inakamata.

"La nani?"

"La mteja."

"Mteja hana jina?"

"Hataki ajulikane."

"Ana aibu na mkono wake nini," Nguzo alisema, akacheka, akaendelea kushikilia.

Tangu enzi za baba, gita jipya halikutoka karakanani kabla halijapigwa na mtu wa nyumba. Baba alipokufa, kazi hiyo ikawa ya Nguzo. Wateja waliamini kwamba gita alilolianza yeye halipotezi sauti, na wengine walisubiri siku nzima arudi kutoka mazoezini. Kwa hiyo na hili, siku lilipokamilika, Nguzo alinawa mikono, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango na kulipakata.

Alikaza nyuzi sita kwa sikio. Akakaza wa saba. Akaugusa.

"Mama yangu wee," alisema taratibu.

Alipiga karibu nusu saa. Dole gumba lilitembea chini, vidole vikaimba juu, na Fundi, aliyekuwa amesimama na kitambaa mkononi, alisikia watu wawili wanaopendana wakizungumza. Baba, alisema moyoni, sikia.

Nguzo alisimama ghafla. "Hapa chini linakwaruza. Kipande cha pili cha chuma hapa shingoni. Kisugue kidogo, la sivyo litamwaibisha mwenyewe mbele za watu."

Kweli lilikuwa linakwaruza. Fundi hakuwa amesikia. Alichukua tupa, akasugua palepale alipoonyeshwa na kidole cha mumewe, na kasoro ikaisha.

Nguzo akapiga tena, akatikisa kichwa. "Aliyeagiza hili hana haja na mtu kama mimi. Mke wangu, unakata riziki za watu!"

Akamwangalia, akingoja acheke.

Mungu alikuwa amefungua mlango mpana kiasi hicho. Sentensi moja ingetosha: Ni la mdogo wako, na ameshafuga ukucha. Nguzo angekwenda kwa Kiongozi siku hiyohiyo, wangeongea kiutu uzima, huenda wa kinanda angetafutiwa njia. Lakini gita lingerudi ukutani, likae pale bila kupigwa, na hakuna ambaye angejua mkono wake ulikuwa wa namna gani.

Fundi alicheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Nani atakuweza wewe," alisema.

Jumamosi iliyofuata Mbwembwe alimwomba aje mazoezini, shingo isije ikacheza. Walifanyia mazoezi chumba cha nyuma ya kiwanda cha uchapaji, kwenye viti vya plastiki na harufu ya wino. Mbwembwe alipofungua mfuko, Nguzo ndiye aliyekuwa wa kwanza kushangilia.

"Kumbe mteja ni wewe! Mdogo wangu! Na wewe mama, umenificha!" Alimpiga mdogo wake begani kwa mkono, meno yote nje. "Ungeniambia, ningekaa nalo zaidi."

"Tuanze na wimbo wa kufungulia," Kiongozi alisema. Alikuwa anatazama karatasi zake. "Nguzo, wewe pumzika kidogo. Tusikie."

Nguzo alikaa, besi yake mapajani.

Wakapiga wanne. Gumba la Mbwembwe likaanza kutembea, na kila alikopita ni njia za kaka yake. Zote. Mipando aliyoitunga akiwa kijana, mishuko aliyoibuni mwaka mama yao alipokufa, hata ule ucheleweshaji mdogo wa kabla ya kiitikio, ambao Nguzo alikuwa akisema haufundishiki. Ulifundishika. Alikuwa ameufundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa mtu aliyesema anataka tu kuelewa.

Walipomaliza, mpiga ngoma aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Umesikia mwenyewe," Kiongozi alisema. "Na jukwaa la kule unalijua."

"Nimesikia."

"Usinune, kaka," Mbwembwe alisema. Mkono ulikuwa bado unabembeleza uzi. "Nyuzi zako nne zote zimo humu, na tatu za chenji. Umesimama nyuma miaka kumi na tisa, miguu imechoka. Sasa kaa mbele, kwenye viti, uagize soda."

Mpiga kinanda alicheka kwa sauti.

"Eh, hata wewe umeamka leo," Nguzo alimwambia, na kwa muda kidogo wote walicheka, hata yeye. Kisha akamwuliza mdogo wake kwa upole: "Ukucha huo, umeufuga tangu lini?"

"Miezi minne."

Nguzo alihesabu. Maisha yake yote yalikuwa ni kuhesabu, na hakukosea. Aligeuza uso kwa mkewe.

"Ulimpima mikono?"

"Nilimpima."

"Yote miwili? Kama kawaida yako?"

Fundi angeweza kudanganya. Lakini kila mtu mle ndani alikuwa amepimwa naye, au alimjua aliyepimwa.

"Yote miwili."

"Na ukacheka," Nguzo alisema.

Hakumgombeza njiani, hakununa, hakuhama chumba. Alikula, akashukuru kwa chakula, akasali naye kabla ya kulala kama siku zote, na sala yake haikuwa na neno moja la kumsema. Fundi alilala macho, akimwomba Mungu mumewe apige kelele. Jumatatu Nguzo alitundika besi ukutani, ikawa ya kumi na mbili kwenye mstari, akavuta kigoda, akakaa mlangoni.

Sifa za lile gita zilitoka hotelini zikaenea mji mzima. Wapiga gita walikuja mmoja mmoja, mikono mfukoni. Wote walikuwa na maelezo: sauti pana, wimbo kujaa, uhuru. Nguzo aliwapokea vizuri. Aliwapa kiti na maji ya kunywa, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza swali lilelile kwa sauti ileile ya ukarimu.

"Mpiga besi wako amekufa, au bado?"

Wengi walicheka. "Bado, mzee! Mzima kabisa."

"Basi toa mikono yote miwili. Mke wangu atakupima. Ana jicho zuri sana."

Na Fundi alipima, kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu, Mungu amsamehe, kila gita lilitoka zuri kuliko lililopita.

Kila siku ya kukabidhi, mteja akiwa amesimama hapo anasugua viganja kwa hamu, Nguzo alinawa mikono, akakaa kwenye kigoda na kulipakata gita jipya. Alikaza nyuzi sita, akakaza wa saba, akapiga kidogo. Kama kulikuwa na kasoro, aliitaja, na mkewe akaisugua kwa tupa. Kisha alitikisa kichwa kwa furaha.

"Aliyeagiza hili hana haja na mtu kama mimi," alisema. "Mke wangu, unakata riziki za watu!"

Akamgeukia, akangoja. Mteja alinyoosha mikono kupokea gita lake, na Nguzo hakulitoa, wala hakuondoa macho usoni kwa mkewe, mpaka Fundi alipocheka.