Faini ya Kutoelewa

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwahi kuingia katika klabu yetu ya kusoma vitabu vigumu huko Kanyosha. Kwetu kuuliza kulikuwa na faini. Chama gani Bujumbura hakina faini? Anayechelewa hulipa, ambaye simu yake inalia hulipa. Mwenyekiti wetu, Bwana Sébastien, mwalimu mstaafu wa falsafa, aliongeza moja: atakayesema "sijaelewa" atawaletea wote kreti ya fanta. Alitaka tusome kwa bidii. Tangu siku hiyo kila mtu akaelewa kila kitu.

Isipokuwa mimi. Naitwa Houda, mtoto wa Buyenzi, nipo mwaka wa kwanza wa falsafa, na kwetu hakuna mwingine aliyewahi kukanyaga chuo. Tulikuwa tunasoma kitabu cha Kifaransa juu ya kifo, kwa fotokopi, na mashine ilikuwa imekata namba zote za kurasa. Nilisoma mpaka kichwa kikauma. Mwandishi anazungumzia mazishi, ukigeuza ukurasa anabishana juu ya serikali, ukigeuza tena yuko kwenye utangulizi. Wenzangu walisifu. Nikaamini kwamba sina akili, nikamwomba mama anitengee nafasi kwenye meza yake ya vitenge sokoni, nikaacha chuo. Nililia sana, sitaficha.

Nikaenda klabu kuaga. Na kwa kuwa anayeondoka hana cha kuogopa, nilifika na kreti kabisa.

"Mi sijaelewa," nikasema, nikaitua chini. "Apa sentensi inakatika. 'Maiti haogopi', kisha ukurasa unaofuata unaanza 'kwa sababu hiyo serikali'. Haogopi nini?"

Prudence, ambaye hufanya kazi benki na hutamka neno la kifalsafa "ontologie" kila akinywa maji, alinitazama kwa huruma. "Houda, ile ni rupture. Mwandishi anakata ili na we ukatike."

"Mutu wa kawaida hawezi kuiona," akadakia Léonce, katibu wetu.

Nikapekua fotokopi zangu mpaka karibu na mwisho. Kulikuwa na ukurasa unaoanza na neno "kaburi". Nikauweka baada ya ule wa maiti, nikasoma kwa sauti: maiti haogopi kaburi, anayeliogopa ni mchimbaji. Léonce akaanza kufuta miwani.

"Karatasi ziliniangukia nikienda kuzipiga fotokopi," akasema. "Upepo ulikuwa mwingi. Nikaziokota tu ivyo."

"Na miezi yote hii unasifu rupture?" nikamuuliza.

"Nilifikiri mu falsafa haina shida."

Bwana Sébastien alikohoa. Masikini, alikuwa ameshatoa mhadhara mbele ya wageni juu ya mikatiko ile ile, wakampigia makofi. Akaomba tupige kura tufuate mpangilio upi. Mpangilio wa upepo ukapita, kwa maelezo kwamba una kina zaidi. Faini yangu nayo ikabaki palepale, maana neno nilikuwa nimeshalitamka. Wakafungua fanta. Niliwakasirikia, nikachukua karatasi zangu nikaondoka.

Nyumbani nilizitandaza kwenye mkeka, nikawa natafuta mkia wa kila sentensi na kichwa chake. Mama alikaa kando akisubiri chai ichemke. Nilipomaliza kupanga nikaanza kusoma tangu mwanzo, nikakwama ukurasa wa kwanza kabisa.

"Sasa unaelewa?" mama akauliza.

"Bado."

"Basi umefanya nini muda wote uo?"

"Zamani nilikuwa sijui hata nilipokwama. Sasa naona. Ni apa, mustari wa nne." Nikapiga alama ya penseli. "Mama, ile nafasi sokoni mpe mutu mwingine. Kesho narudi chuo."

Mama alinimiminia chai.

"Mi sikukutengea nafasi yoyote," akasema. "We soma."