Barakoa Iliyobana Asubuhi

Jina la Kelele hakulipata kwa kunong'ona. Alipomwona mdogo wake akiisukuma barakoa kwa bega irudi puani, mfuko wa saruji ukiwa mgongoni, aliubwaga wa kwake chini.

"Hebu ivue!"

Kijana akaivua. Ndani, kuanzia puani hadi kidevuni, jasho lilikuwa limeikanda saruji ikawa uji wa kijivu.

"Shemeji! Njoo uone ndugu wa mkeo anavyolishwa saruji!"

Msimamizi wa upakiaji ndiye aliyemwoa dada yao mkubwa, na kazi hii ndiye aliyewatafutia.

"Si mlipimwa asubuhi?" alijibu, macho kwenye lori. "Barakoa zinabana."

"Tulipimwa tumekaa vitini, tumepoa kama maji ya mtungini! Sasa tunachuruzika, zinateleza kama sabuni, na kufuta uso umetukataza, eti lori linasubiri. Mpime sasa hivi, na jasho lake."

"Mpime, bosi!" wapakiaji wakadakia. "Au dawa ya kupimia umeinywa?"

Vicheko vilimchoma msimamizi. Akaleta kofia ya plastiki ya kufunika kichwa kizima, na chupa ya dawa chungu. Ukiusikia uchungu, ujue barakoa inavuja. Kijana akavaa barakoa, akafunikwa, akapuliziwa dawa ndani ya kofia.

"Unasikia kitu?"

"Sisikii."

Lakini uso ulimkunjamana kama aliyelamba shubiri. Kelele akaing'oa ile kofia.

"Mwongo! Unamdanganya nani?"

"Asubuhi kweli sikusikia, dada. Sasa nikisema nasikia, si atanifukuza?"

Kelele akamgeukia shemeji yake. "Umesikia? Mtoto anakuogopa wewe kuliko saruji."

"Shemeji, lori hilo..."

"Lori lina mapafu?"

Akakaa juu ya mfuko wake, tako zima. Mpakiaji wa jirani naye akakaa, kisha wengine wote. Dereva akapiga honi weee, hakuna aliyeinuka.

Msimamizi akamwashiria dereva angoje. "Haya. Kila lori likijaa, mnatoka nje, mnafuta nyuso, mnavaa upya."

"Na huyu?"

"Hafukuzwi mtu."

Kelele hakusema ahsante. Alichukua kitambaa, akaanza kumfuta mdogo wake uso kama anayesugua sufuria iliyoungua.

"Utanichuna, dada!"

"Nyamaza! Na ukirudia kuficha, nitakufukuza mimi mwenyewe."