Kuibipu Kompyuta ya Bluff

Kompyuta ile ililetwa dukani na familia iliyokuwa inahama, pamoja na kibodi yenye vumbi na modemu, kile kiboksi kinachoiunganisha kompyuta na waya wa simu. Kaka Sébastien, Mkongo mwenye duka letu la simu pale Isipingo, aliitazama mara moja akasema ni chuma tu. Kitu kimoja ndani yake kilikuwa na mteja: hard disk. Bwana Cyprian, Mtanzania anayedarizi nembo za sare za shule, alikuwa anaitafuta ya aina hiyo kwa mashine yake kuukuu.

"Coletha, iwashe uone kama iko nzima," Kaka Sébastien aliniambia. "Naenda kumuchukua client."

Niliiwasha, ikawaka. Ilifunguka programu moja tu: kioo cheusi, maandishi meupe, hakuna picha hata moja. Katikati palikuwa na namba ya simu ya hapa Durban na neno BLUFF, jina la mtaa mmoja wa pwani. Chini iliandikwa kwamba ukibonyeza D inaipigia kompyuta ya huko.

Mimi ni mtu wa haya, hata chumvi kwa jirani huwa nashindwa kuomba. Lakini kompyuta haikutazami usoni. Nilitaka kujua ni nani yupo kwenye namba ile, na nilijua disk ikitoka, programu itaondoka nayo, nami nisijue kamwe.

Nikachomeka waya wa simu ya duka kwenye modemu, na simu yenyewe nyuma yake, nikabonyeza D. Modemu ikapiga namba, nikasikia upande wa pili unaita. Ngrii. Ngrii. Nikakata.

Ndivyo tunavyopiga simu sisi wa nyumba yetu Cato Manor. Unabipu, mwenye salio anakupigia. Nikakaa kuingoja kompyuta ya Bluff inipigie. Kimya. Nikabipu tena, na tena, mpaka nikaanza kudhani nayo haina salio.

Simu ya duka ikalia. Nikainua mkono wa simu.

"Nani anaichezea bodi yangu?" Ilikuwa sauti ya mzee, kwa Kiingereza. "Namba yako naiona hapa. Unapiga, unakata."

"Nilikuwa nabipu."

"Unafanya nini?"

"Nakata ili inipigie yenyewe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Binti yangu, hiyo ni kompyuta. Haijawahi kumpigia mtu. Ni mvivu kama mimi, inachelewa kupokea. Iache ilie."

Aliitwa mzee Ephraim, fundi mstaafu wa redio za bandarini. Kompyuta yake, alisema, ni bodi ya matangazo: watu wanaipigia kwa kompyuta zao, wanasoma barua za wenzao, wanaacha za kwao, halafu wanakata ili mwingine aingie, maana waya ni mmoja. "Zamani waliugombania. Wewe ndiye wa kwanza tangu Krismasi. Haya, piga."

Nikarudisha mkono wa simu, nikapiga, nikaiacha ilie. Modemu ikachachatika kama mafuta ya moto yaliyoingia maji, kisha maneno yakaanza kushuka kwenye kioo mstari kwa mstari. Wewe ni nani? Nikaandika jina langu. Kabla sijachagua pa kuingia, mlango wa duka ukafunguliwa.

"Mama weh! Simu ya duka imefanya nini humo?" Kaka Sébastien alikuwa tayari ameshika bisibisi, Bwana Cyprian nyuma yake. "Zima, dada. Client iko na haraka."

"Ngoja," nikasema.

Walitazamana. Nadhani Kaka Sébastien hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwangu.

Kwenye kioo herufi zilijiandika moja moja. Mzee Ephraim, akichapa kwenye kompyuta yake, alikuwa ananiuliza mbona kimya. Nikamjibu kwa Kiingereza changu kibovu: wanachukua disk, programu inaondoka. Akauliza kama nina diski laini, zile za plastiki za mraba. Ilikuwemo moja, imesahauliwa kwenye tundu la kompyuta. Akaniandikia amri mbili. Programu ni ndogo, alisema, itaenea humo, na kompyuta itawaka kwa hiyo diski laini peke yake.

Nikaziandika amri kwenye kiganja, nikakata, nikazichapa. Diski ikakoroma. Ilipotulia nikasogeza kiti. "Chukueni."

Kaka Sébastien akafungua skrubu, akamkabidhi Bwana Cyprian disk yake. Nikawasha. Kioo cheusi kikarudi.

"Eish! Imetolewa moyo na bado inatembea," Kaka Sébastien akasema. "Hebu piga tunaona."

Safari hii nilifika kwenye barua. Ya juu kabisa ilikuwa ya mwanamke aliyeuliza ni kitu gani kinabweka chini ya miamba ya Bluff maji yakipwa.

"Soma kwa sauti," Kaka Sébastien akaniambia, akaketi juu ya boksi.

Nilisoma polepole, naye akinisaidia maneno magumu. Wa kwanza alijibu kwamba ni sili, yule mnyama wa baharini. Wa pili alibisha, ni upepo kwenye bomba la zamani.

"Upepo haubweki," akasema Kaka Sébastien. "Ile ni mbwa."

"Mbwa atakaa vipi kwenye maji, Mkongo wewe? Acha dada asome." Bwana Cyprian alikuwa ameiweka disk yake mezani. "Wa tatu amejibu nini?"

Nikabonyeza kuleta ukurasa wa pili.