Moyo wa Ng'ombe wa Bi Mwanahija

Tangu alfajiri ng'ombe wa Bi Mwanahija alikuwa amesimama katika banda la matibabu, miguu ya mbele kaitanua, kidari kimevimba, hataki kulala. Mtoro alipiga goti, akatia masikioni mipira ya kusikilizia, akaubandika mwisho wake nyuma ya kiwiko cha mguu wa kushoto. Moyo ulisikika kwa mbali, na juu yake maji yakichezacheza kama ndani ya mtungi usiojaa.

"Unasikia nini?" aliuliza Bwana Mifugo, Mwingereza aliyemfundisha yeye na wenzake wawili kutibu wanyama pale Bagamoyo.

"Maji, Bwana. Kameza waya, umefika moyoni."

Hakuwa na shaka. Shamba la mkonge lilikuwa likijenga ua mpya huko Zinga, na vipande vya waya viliachwa majanini palepale wanapolishwa ng'ombe wa watu.

"Vizuri sana. Hana dawa huyu. Leo atakufa, na wewe utasikiliza mpaka mwisho. Huo ndio mtihani wako."

Nje ya banda Bi Mwanahija alingoja na majirani zake. Mwaka ule ulikuwa wa njaa, mihogo imekauka ardhini, naye alikuwa na wajukuu wanne alioachiwa na marehemu binti yake. Walikuwa wamekwisha patana: ng'ombe achinjwe, kila mtu achukue fungu lake, yeye apewe mtama, mtu kibaba, mtu pishi. Wamekuja na vikapu. Mzee Rajabu, mchinjaji, amekwisha noa kisu.

"Mwanangu," bibi alikuwa amemwambia Mtoro asubuhi, baada ya kumwitikia shikamoo yake, "mimi sina masikio ya kusikia vya ndani. Ukiona anataka kukata roho, niite. Asinifie hivihivi."

"Hatakufia, bibi."

Aliahidi kwa moyo mmoja, mtoto wa Kiislamu wa Miono, aliyejua kuwa mnyama akishakata roho bila kuchinjwa ni mzoga, na mzoga hauliwi.

Adhuhuri mapigo yakaanza kurukaruka. Mtoro akainua kichwa.

"Bwana, naomba achinjwe sasa. Mchinjaji yupo hapo nje."

"Hapana kisu. Ukimkata, moyo utasimama kwa kukosa damu. Mimi nataka usimame wenyewe."

"Ni chakula chao, Bwana."

"Unataka cheti au unataka nyama?"

Miaka miwili alikuwa akizoa mavi katika banda lile, na kule Miono baba yake alishawatangazia watu kuwa mwanawe atarudi na cheti. Akainama tena kusikiliza. Pigo moja. Kimya. Mawili ya haraka. Ng'ombe alipiga magoti, kisha akalala ubavu.

"Mtoro!" bibi aliita kutoka mlangoni. "Bado?"

Bwana Mifugo aliinua kidole. Mtoro hakuitika. Likaja pigo jingine, dogo, na baada yake hakukuwa na kitu.

"Saa?"

"Saba na dakika kumi, Bwana."

Bwana Mifugo alipasua mwenyewe. Aliutoa moyo ukiwa umevishwa utando mzito wa usaha, na waya wa urefu wa kidole umeuchoma. Akautumbukiza katika chupa kubwa ya dawa ya kuzuia kuoza. Alifurahi kweli. Hakuwa mtu wa kutukana wala kupiga watu, na hilo lilimuuma Mtoro zaidi.

"Mama!" akaita. "Mimi nimemaliza. Nilitaka moyo tu. Nyama yote yako, chukua!"

Mzee Rajabu alikifunga kisu chake kitambaani. Majirani wakaokota vikapu vyao mmoja mmoja, wakashika njia ya Zinga bila kumlaumu mtu.

"Mbona wanakwenda?" Bwana Mifugo alishangaa. "Si walisema wana njaa?" Hakungoja jibu, alirudi mezani kuandika jina lake mwenyewe juu ya chupa.

Bi Mwanahija alibaki peke yake. Aliingia bandani polepole, akamtazama ng'ombe wake kwa muda mrefu. Kisha akavua kanga ya begani, akaitandika chini.

"Nikatie paja, mwanangu," alisema, uso ameugeuzia ukutani. "Mkono wangu mimi haukubali. Na wale watoto tangu juzi hawajatia kitu kinywani."

Mtoro akakichukua kile kisu cha kupasulia. Midomo yake ilianza bismillahi kwa mazoea, akaikatiza katikati, akakata.