Utepe Hauguswi

Darasa jipya lilikwisha kupigwa rangi na kuwekewa madawati, ila mlango wake ulikuwa na kufuli, na mbele ya kufuli utepe mwekundu. Lilimsubiri mgeni rasmi, naye kila wiki alikuwa na udhuru mpya. Mwalimu wa darasa la kwanza aliendelea kufundishia barazani, mvua ikimsaidia kufuta ubao.

"Mkuu, watoto wanakohoa," alimwambia mwalimu mkuu.

"Wavumilie, mama. Mgeni hazindui mtumba. Nikisikia mguu umepita mlango ule, nakuhamisha!"

Mwalimu akaondoka akiwaza. Mlango umekatazwa, haya. Dirisha la nyuma hakuna aliyelitaja, na fundi hajaleta nondo zake. Akasogeza benchi, akawapandisha wanafunzi wake mmoja mmoja, kisha akajipandisha mwenyewe, pindo la gauni kalibana kwa meno. Wakasoma humo kwa raha zao, maana mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kuzungukia nyuma ya majengo.

Siku mgeni alipozuka bila taarifa, alikata utepe, kufuli likafunguliwa, na ndani watoto wakaonekana wakisoma ubaoni kwa sauti moja. Mwalimu mkuu alimtolea mwalimu macho ya kuhamisha mtu.

"Hongera, mkuu!" mgeni akashangilia. "Nimekata utepe sasa hivi, na tayari wanajua kusoma!"

Mwalimu mkuu akainama kwa heshima. "Ni mipango tu, mheshimiwa. Nilimwambia mwalimu asipoteze hata dakika."

"Kweli kabisa," mwalimu akadakia. "Hata mlangoni alitukataza kupita."